Mijusi wa Upande wa Mkewe

Bwana Geti alikuwa mtu wa kuridhika upesi, ili mradi wewe usiridhike kumzidi. Ukimpa chai isiyo na sukari atakunywa na kushukuru. Lakini akiona jirani yake kapewa yenye sukari, atashinda siku nzima akilalamikia tumbo. Watu wa namna hiyo wapo, na tusijifanye hatuwajui, maana wengine tunawaona kila asubuhi kwenye kioo tukinawa uso.

Kazi yake ilikuwa kulinda geti la machimbo ya mawe yaliyofungwa, na ndiko alikopata jina. Mashine zilikwisha kung'olewa na kupakiwa miaka kumi na mmoja nyuma, lakini geti lilibaki, na kampuni iliona haya kuacha geti bila mtu. Basi alikaa kwenye kibanda cha bati chenye kiti kimoja, redio iliyoshika stesheni moja tu, tena ikielekezwa dirishani, na daftari la wageni ambalo mtu wa mwisho kulisaini alikuwa amepotea njia.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na kilima kilicholiwa nusu. Upande uliochimbwa ulibaki ukuta mtupu. Upande wa pili, ambako wachimbaji walikuwa wakitupa mabamba yasiyofaa kwa ujenzi, mawe bapa yalilaliana kutoka chini hadi juu, na katikati yake pameota nyasi na vichaka. Juu, jiwe linaungua na jua mpaka huwezi kuliketia. Chini yake udongo una unyevu hata katikati ya kiangazi, kuna majani yaliyooza, mchwa na vibuibui. Hapo kati ya joto na ubaridi, penye nafasi ya unene wa kidole, ndipo alipoishi mjusi ambaye wachimbaji walimwita mjusi mafuta.

Si yule mjusi wa nyumbani anayekodolea taa macho ukutani. Huyu ni mdogo, urefu wa kidole cha shahada pamoja na mkia, rangi ya kahawia yenye mstari wa shaba ubavuni, na magamba yake laini yanang'aa kana kwamba kapakwa mafuta sasa hivi. Miguu anayo, mifupi ya kuchekesha, lakini akikimbia haitumii sana. Anateleza tu; umemwona, humwoni. Hatagi mayai. Jike huzaa watoto wawili au watatu, wembamba kama njiti za kiberiti, na akiba ya kulelea mimba anaiweka mkiani, mafuta matupu. Ukimshika vibaya anakuachia mkia ucheze mkononi mwako, naye anakwenda zake akiwa fukara.

Bwana Geti ndiye aliyemwonyesha Daktari mjusi huyo, na hilo ni vizuri ulisikie mapema kwa sababu yeye mwenyewe hakuacha mtu alisahau. Daktari hakuwa wa kutibu watu, ingawa wiki ya kwanza watu watatu walimfuata na vikohozi vyao. Alikuwa mtaalamu wa wanyama watambaao, mwanamke mrefu mwenye kofia pana, aliyekuja na gari, dereva na ndoo nyingi. Alimtazama mjusi mafuta kwa kioo cha kukuzia, kisha akasema kwamba hajapata kumwona kwingine kokote. Angetaka wahesabiwe kwa wiki tatu. Wakipatikana wa kutosha, kilima kingezungushiwa uzio, na mtu mmoja angeajiriwa kabisa kuwatunza na kuwahesabu kila mwezi.

Mtu mmoja. Bwana Geti alijua ni nani. Kampuni ilikwisha kumwandikia kwamba kilima kitauzwa, na geti nalo litauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu mwisho wa mwezi ujao, na kwa umri wake hakukuwa na geti lingine lililomsubiri. Tena, mijusi ni wake. Nani mwingine amekaa nao miaka kumi na mmoja?

Kosa alilifanya mwenyewe, kwa mdomo wake. Daktari alihitaji vifuko vidogo vya kitambaa chepesi, vya kumtia mjusi apimwe uzito bila kuumia, na Bwana Geti akasema, kwa maringo ya mtu mwenye kila kitu nyumbani, "Mke wangu ni fundi wa cherehani. Atakushonea hata mia."

Mkewe huyo kila mtu alimwita Fundi, na Bwana Geti pia alimwita hivyo mbele za watu. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile barazani, akipunguza sketi na kubadilisha zipu za suruali, macho yamezoea kuona uzi mweusi uliopinda kwenye kitambaa cheusi. Alishona vifuko arobaini, akatia kamba za kufungia, akavipeleka kilimani mwenyewe kwa sababu alitaka kumwonyesha Daktari jinsi ya kufunga bila kukaba.

"Tujaribu na mjusi mwenyewe," Daktari akasema.

Bwana Geti akainuka kwenda kumshika mmoja. Aliinua jiwe la kwanza, patupu. La pili, akaona mkia ukipotea. Alifika la tano jasho likimtoka, na dereva akimhesabia kwa sauti. Fundi, aliyekuwa amesimama tu akingoja, aliinama pale pale alipo, akafunua bamba dogo kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulishuka polepole, bila kudaka, ukamfunika mjusi kama mtu anayezuia kifungo kisibingirike. Akamtia kwenye kifuko, akafunga. Kisha akarudisha jiwe upande ule ule, akalisogeza mpaka ukingo ukakaa kwenye alama yake ya udongo.

"Nani kakufundisha kurudisha jiwe?" Daktari akauliza.

"Si ndivyo nilivyolikuta," Fundi akasema.

Dereva akapiga makofi. "Shemeji, kumbe kipaji umekificha kwenye cherehani muda wote huu."

Bwana Geti alicheka pia, maana asingecheka ingeonekana. Lakini kitu kilimchoma chini ya mbavu, na kikakaa hapo wiki tatu. Kabla ya saa sita mchana Daktari alikuwa amemwomba Fundi awe mhesabuji wa pili.

Eneo liligawanywa kwa kamba ya manila kutoka chini hadi juu. Kushoto Bwana Geti, kulia Fundi, mawe karibu sawasawa. Kazi ilianza saa mbili asubuhi, jua linapoanza kupasha mawe, ikaisha saa nne kabla hayajachoma. Unainua jiwe likuelekee wewe, ili kilicho chini kikimbilie mbele na si miguuni kwako. Unamshika, unampima, unaandika, unamrudisha pale pale, unarudisha jiwe. Hilo la kurudisha jiwe Daktari alilisema mara tatu. Jiwe likiachwa vibaya unyevu unakauka, na nyumba ya mtu imekwisha.

Siku ya kwanza Bwana Geti alipata mijusi wanne. Fundi alipata tisa.

"Bahati ya mgeni," Bwana Geti akasema.

Siku ya pili alipata watano, na mgeni akapata kumi na mmoja. Siku ya tatu hakuitaja tena bahati.

Tuseme ukweli, kama angezidiwa na mtu mwingine, hata dereva, angeumia kwa kiasi. Angemtafutia sababu: yule bado kijana, yule ana miwani, yule kapewa upande mzuri. Lakini huyu alikuwa mtu anayemfulia soksi, anayejua kwamba anaogopa kung'oa jino. Ukizidiwa na mtu wa namna hiyo huna pa kujificha, kwa sababu jioni mnarudi nyumba moja.

Na jioni ndipo palipokuwa na adhabu yenyewe. Zamani wakila, Bwana Geti ndiye aliyekuwa na maneno: nani kapita barabarani, redio imesema nini. Fundi alisikiliza huku akiwaza zipu. Sasa Fundi ndiye aliyekuwa na habari, na mbaya zaidi, alikuwa amewapa mijusi majina.

"Kiraka leo kajivua ngozi," alisema akimega chakula. "Imemtoka vipande vipande, mgongoni mpya, mkiani kuukuu. Nimemsaidia kidogo kwa ncha ya kidole."

"Kiraka ndiye nani?"

"Yule wa jiwe lenye ufa. Ana doa jeusi begani. Jiwe la jirani yupo Bibi Harusi, na ana mimba, tumbo limemjaa hivi. Unajua hawatoki kabisa? Mawe mawili, matatu, basi. Hapo wanazaliwa, hapo wanazeeka."

"Mimi nimekaa nao miaka kumi na mmoja," Bwana Geti akasema. "Sijaona mjusi mwenye jina."

"Hukuwauliza," Fundi akasema, akacheka, akamwongezea mchuzi.

Hakukuwa na ubaya katika kicheko hicho. Lakini mwenye wivu anahitaji ubaya kidogo sana, na akiukosa anautengeneza. Bwana Geti alilala akiiona ile ncha ya kidole ikimgusa mjusi kwa uangalifu. Bega lake mwenyewe lilikuwa likimuuma wiki nzima na hakuna aliyeuliza. Alimwonea mkewe wivu kwa ajili ya mijusi, na akawaonea mijusi wivu kwa ajili ya mkewe, na huku na huku kuliuma sawasawa.

Jumapili, siku ya mapumziko, alimkuta Fundi barazani amekaa kando ya cherehani bila kushona, anachora. Kwenye karatasi za kukatia vipimo alikuwa amepanga madoa ya kila mjusi aliyemshika, bega kwa bega, mgongo kwa mgongo.

"Nguo za watu je?" Bwana Geti akauliza.

"Zitangoja." Fundi hakuinua macho. "Nikwambie kitu? Naitaka ile kazi. Miaka ishirini na miwili nimekaa. Kiuno changu kimeshika umbo la kiti. Sikujua kama kuna kazi ya kutembea na kutazama."

"Kazi ile ilikuwa yangu kabla hujakanyaga kilimani."

"Basi tushindane," Fundi akasema kwa upole. "Atakayeshinda si atakula na mwenzake?"

Ni maneno mazuri, nami ningeyapokea. Bwana Geti aliyasikia kama kofi, kwa kuwa mtu hasemi hivyo ila akijua kwamba atakayeshinda ni yeye.

Dereva hakusaidia. Dereva ni mtu asiye na kazi kati ya saa mbili na saa nne, na mtu wa hivyo hutafuta. "Bwana Geti," aliuliza kesho yake, ameegemea boneti na kikombe cha chai mkononi, "mijusi wa upande wako wamehama, au wanasikia unakuja?" Na baadaye, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mzee. Mwenzako anainama." Daktari alikuwa na adabu, ila adabu yake iliuma zaidi. Akifika upande wa Fundi anachuchumaa, wanazungumza kwa sauti ya chini robo saa nzima. Akifika upande wa Bwana Geti anasema, "Unaendelea vizuri, mzee," anapita.

Siku ya nane ya kazi, Bwana Geti alikuwa kilimani saa kumi na mbili asubuhi.

Mjusi ni kiumbe wa jua. Kabla halijamfikia, mwili wake ni mzito, hawezi kukimbia. Ukiinua jiwe unamkuta kalala, unamwokota kama kijiti. Hilo Bwana Geti alilijua kweli, kwa kuliona mwenyewe mwaka baada ya mwaka, na inasikitisha kwamba ujuzi wake bora ndio alioutumia hapo. Alivuka kamba akaingia upande wa mkewe akiwa na chombo cha plastiki anachobebea chakula. Akainua mawe kwa pupa, akaokota mijusi sita. Wawili walimwachia mikia. Mikia ikajinyonganyonga ndani ya chombo dakika nzima, naye akageuza uso mpaka ilipotulia. Kisha akavuka tena, akawagawa chini ya mawe yake, hapa mmoja, pale wawili. Mawe ya mkewe aliyarudisha, lakini upesi upesi, mengine ukingo ukiwa nje ya alama yake.

Saa nne matokeo yakasomwa. Bwana Geti kumi na wawili. Fundi watano.

"Hongera, mzee," Daktari akasema, na safari hii alichuchumaa. Bwana Geti akamweleza habari za kiangazi cha miaka saba nyuma, jinsi mijusi walivyojichimbia hadi kwenye mizizi ya vichaka, naye Daktari akaandika kila neno. Ilikuwa tamu. Nitakuwa mwongo nikisema dhamiri ilimsuta siku hiyo. Wizi haumsuti mtu siku ya kwanza, hasa ukiwa umemletea heshima.

Akaenda tena kesho yake, na kesho kutwa. Tatizo ni kwamba aliowahamisha hawakukaa. Asubuhi moja, katikati ya kazi, alimwona mmoja akivuka chini ya kamba, mkia hana, anatembea kwa vile vimiguu badala ya kuteleza, anaelekea upande wa Fundi. Alimwokota akamrudisha kushoto. Siku iliyofuata akamkuta mahali pale pale, katika safari ile ile.

"Wewe nawe," Bwana Geti alimwambia kimoyomoyo. "Hata wewe unamtaka yeye."

Alichotarajia nyumbani ni Fundi akasirike, amwonee wivu japo kidogo, ili wawe sawa. Fundi hakumwonea. Hakuuliza hata amepata wangapi. Alikaa mbele ya sahani yake bila kula.

"Kiraka hayupo," alisema. "Bibi Harusi naye hayupo. Nimefunua mawe yao yote."

"Labda wamehama."

"Hawahami."

"Labda ndege kawachukua."

"Ndege harudishi jiwe," Fundi akasema polepole, akamtazama. Kisha akatazama sahani. Bwana Geti akaomba apewe chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Tangu jioni ile Fundi hakusimulia tena habari za mijusi, na nyumba ilikuwa kimya kuliko kibanda cha getini. Bwana Geti alipata alichokitaka: hakuna mjusi aliyetajwa mezani. Hata hivyo aliendelea kuamka mapema, maana mwizi wa aina hii akiacha ghafla idadi inashuka, na watu wanauliza.

Siku ya mwisho Daktari aliwaita wote chini ya turubai lililofungwa ubavuni mwa gari. Viti vilikuwa ndoo zilizopinduliwa. Dereva alimimina chai. Daktari alikuwa na karatasi magotini, na hakuwa na uso wa mtu anayekuja kutoa kazi.

"Nina tatizo," alisema. "Wiki ya kwanza, pande zote mbili, mijusi wenye mkia uliokatika karibuni walikuwa wawili tu. Tangu hapo ni kumi na watatu. Wote wamekutwa ama upande wa kushoto, ama njiani wakivuka kutoka kushoto kwenda kulia. Jana nilichukua michoro ya Fundi nikapita nayo upande wa kushoto. Nimemkuta huko huyu mwenye doa begani, na wengine wanane wa kulia." Akavua kofia, akaiweka chini. "Mjusi huyu hatembei hatua hamsini kwa hiari yake. Kuna mtu amewahamisha."

Dereva akashusha kikombe.

"Sitafuti mtu wa kumfunga," Daktari akaendelea. "Lakini nisipojua ni siku zipi, ni wangapi, na kutoka mawe yapi, hesabu ya wiki mbili natupa. Nikiitupa, sina idadi ya kuombea uzio, na kilima kitauzwa pamoja na geti lake. Nikijua, naweza kuwatoa waliozidi kwenye hesabu, na kuwarudisha kwao kabla majike hawajazaa. Kwa hiyo nauliza. Ni nani?"

Kichwa cha Bwana Geti kilitulia. Hakuna aliyemwona. Kunyamaza tu kulitosha. Hesabu ingetupwa, kilima kingeuzwa, yeye asingepata kazi na Fundi asingepata kazi, na wangekuwa sawa. Utashangaa mtu anawezaje kupata faraja hapo, lakini aliipata. Hasara ya wote ni nafuu ya mwenye wivu.

Hapo Fundi akasimama.

Alisimama taratibu, mkono pajani, akavuta pumzi, na mdomo ukafunguka kidogo. Bwana Geti akaona yote kwa mara moja. Anataka kusema ni yeye. Amejua tangu siku ile ya chumvi, na sasa anataka kujitwisha mzigo mbele ya Daktari na dereva ili amsitiri mumewe. Watajua anadanganya, na kwa kujua huko watamheshimu maradufu. Watasema mwanamke yule ni mtu na nusu, na mumewe hafai hata kumbebea ndoo. Amemzidi kuwashika mijusi. Amemzidi kuwajua. Sasa anataka kumzidi hata kwenye kosa ambalo hakulifanya. Damu ikampanda.

"Kaa chini," akamwambia, sauti ikimpaa. "Ni mimi. Nimewahamisha mimi, tangu siku ya nane, alfajiri, kwa chombo changu cha chakula. Siku ile sita. Kesho yake watano." Alizitaja siku zote moja moja, na mawe aliyoyakumbuka, na mikia, na alipofika kwenye mikia ikabidi aanze upya. "Mke wangu hana lake hapa. Hili ni langu."

Daktari aliandika mpaka mwisho. Hakumgombeza. Alimwomba arudie siku mbili ambazo hakuzisikia vizuri, naye akarudia. Kisha akasema kwamba kwa maelezo hayo hesabu inaweza kunyooshwa, na kwamba kazi ya kutunza kilima ni ya Fundi, jambo ambalo Bwana Geti alilijua kabla hajafunga mdomo. Dereva alimmiminia chai akampa kwa mikono miwili, bila utani wowote, na hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Fundi mbele akichechemea kidogo, Bwana Geti nyuma. Wakafika kwenye kona ya mashine ya kusaga.

"Kwa nini ulitaka kunibebea?" Bwana Geti akauliza.

"Kukubebea nini?"

"Kosa langu. Pale uliposimama."

Fundi akageuka. "Nilisimama kwa sababu mguu ulikufa ganzi. Hukuona zile ndoo? Ukingo wake unakata damu."

"Ulifungua mdomo."

"Mguu uliniuma."

Mama mmoja mwenye debe la mahindi akawapita akiwasalimu, wakamwitikia wote wawili, akaenda zake.

"Kwa hiyo usingesema ni wewe," Bwana Geti akasema.

"Mimi? Mijusi kumi na watatu hawana mikia, Bibi Harusi ana mimba na hajui atakula nini, halafu niseme ni mimi?" Fundi alikuwa anashangaa kweli. "Nilikuwa nangoja dereva amalize kikombe chake. Akimaliza na wewe umenyamaza, ningekutaja. Kwa jina lako lile la kwenye kitambulisho. Halafu ningekwenda kulala kwa dada yangu, na sijui ningerudi lini."

Akaendelea kutembea. Bwana Geti alibaki amesimama mbele ya mashine ya kusaga, unga ukimtua mabegani. Alikuwa amejivua nguo mbele za watu kwa kuuonea wivu wema ambao haukuwepo. Alitaka kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia, akamkosa. Katika wivu wote wa wiki zile tatu, huu ndio pekee uliomfaa kitu, na ndio pekee ambao haukuwa na sababu. Ilibidi akimbie kidogo ili amfikie.

"Kesho saa kumi na mbili," Fundi akasema bila kugeuka. "Unabeba ndoo."

Kesho yake, jua likiwa bado halijapasha mawe, walikuwa kilimani wao wawili. Bwana Geti alianza upande wake mwenyewe. Aliinua jiwe likimwelekea, taratibu, mkono mwingine ukiwa tayari. Chini yake alikuwapo mjusi mafuta, kigutu, tumbo limejaa, na mahali pa mkia pameanza kuchipua kinundu cheusi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amemwambia kila aliyepita getini kwamba mijusi hawa hakuna anayewajua kama yeye. Akamfunika kwa kiganja bila kudaka, akageuka kumtazama mkewe.

"Huyu anakaa wapi?" akamuuliza.